Beseni la ndege: pima kina kabla hujauliza bei

Tangu jua la Januari lianze, watu wananiuliza kitu kimoja. Nimenunua beseni la ndege, nimejaza maji, mbona wanatua pembeni, wanachungulia, halafu wanaenda zao? Basi ingiza kidole. Maji yakipita pingili ya pili, wewe umenunua kisima. Chozi mwenyewe, yule ndege mdogo wa kunyonya maua, ana kama gramu kumi hivi, unataka apige mbizi?

Rangi na umbo chagueni wenyewe, mimi shida yangu ni kina na utelezi. Ndege wa bustani huingia kwa miguu, pole pole, kwa hivyo anataka sentimita 2 au 3 pembeni, katikati zisizidi 5, na chini pawe na mikwaruzo kucha zishike. Ukishapata hapo, maji yanakuletea hata wale ambao mtama hauwaleti, maana chozi anakula nekta, shore anapenda matunda, lakini kuoga wote wanaoga.

Namba moja: la simenti, la kutengenezewa. Tafuta fundi wa mjengo, mrundike mchanga wenye unyevu uwe kilima kifupi, mlaze juu jani kubwa la nduma, mgongo wenye mishipa ukiangalia juu, halafu mmwage simenti juu yake. Ikikauka unageuza, unabandua jani, unabaki na sahani pana yenye alama za mishipa, na hizo alama ndizo ndege anashikilia. Simenti yenyewe mimi ni Bamburi Nguvu tu, sifichi, kwetu nyumba nzima imesimama nayo na fundi akija na mfuko mwingine tunaanza kuangaliana vibaya. Likiwa jipya jaza maji na umwage kwa siku kadhaa kabla ya kuwakaribisha, simenti mbichi hutoa chokaa.

Namba mbili: sahani ya udongo ile ya kuweka chini ya chungu cha maua, wanauza Ngong Road, Nairobi. Chukua isiyo na glezi. Ile ya kung'aa ni nzuri kwa macho yako lakini ikilowa ndege anateleza, anatoka mbio, harudi. Ubaya wa udongo ni kwamba hunywa maji, na kwarara akitua (yule ndege mkubwa wa kutuamsha alfajiri na makelele) anaweza kuipindua, kwa hivyo iweke chini, sio juu ya kigogo.

Namba tatu: lile la faiba lenye nguzo, la kutoka nje. Linapendeza, nakubali. Lakini mengi niliyopima ni shimo tu, inabidi uokote mawe ujazie, na hapo ndipo nachemka, kwa sababu muuzaji mmoja wa kando ya barabara alinitajia elfu sita nikiwa na gari, jirani yangu akaenda na bodaboda akaambiwa elfu tatu na nusu, beseni ni lile lile! Ukimuuliza kina anakwambia "madam, hii ni ya majuu." Sasa majuu ndege wana miguu mirefu ama? Halafu hana hata rula, na hataki utie maji ujaribu, ati utachafua bidhaa.

Karai la plastiki: tia jiwe bapa, litasukuma siku.

Lolote utakalochukua, badilisha maji kila siku mbili, maana mbu anahitaji kama wiki moja hivi kutoka yai hadi aruke. Najua mgao wa maji umetukalia, lakini sahani ya kina kifupi haimalizi hata jagi mbili, na ya mvua yanafaa kabisa. Sugua kwa brashi bila sabuni. Na usiliweke kando ya kichaka kinene, paka wa esteti wanajua kuvizia kuliko askari wa kanjo, liweke mahali wazi kidogo lakini tawi liwe karibu, ndege aliyelowa haruki mbali.