Uzoefu wangu: fundi bomba wa mtaani na karo la nyumba ya kawaida Dar es Salaam

Nyumba iko Tegeta, ina vyoo viwili, na karo (tangi la maji taka lililo chini ya ardhi) la vyumba viwili liko nyuma ya jiko. Shida ilikuwa hii: choo cha ndani kinameza maji taratibu, na ukiflashi, tundu la maji la bafuni linatoa mapovu. Kwa dalili hizo mafundi wengi wana jibu moja tayari mdomoni, kwamba karo limejaa, ita gari la kunyonya. Fundi aliyetangulia alisema hivyohivyo bila kufunua hata mfuniko mmoja. Huyu ninayemzungumzia hapa alianza kwa kufunua chemba, yaani kishimo chenye mfuniko kwenye njia ya bomba, na kwangu hicho ndicho kipimo cha fundi wa maji taka.

Unaanza na chemba iliyo karibu na ukuta. Ikiwa kavu wakati choo kimegoma, kizuizi kiko kati ya choo na chemba hiyo. Ikiwa imejaa, fuata ya pili, ya tatu, mpaka ukute iliyojaa inafuatiwa na kavu. Kizuizi kiko kati ya hizo mbili. Zote zikiwa zimejaa ndipo unalifunua karo. Hata hapo usidanganywe na macho: katika karo lisilo na hitilafu, maji hukaa usawa wa bomba la kutokea siku zote, liwe jipya au la zamani. Yakipanda juu ya usawa huo ndipo kuna hitilafu, ama tii (kiungo cha umbo la T) ya kutokea imeziba, ama shimo la kunywea maji, lile linalopokea maji ya karo ili yazame ardhini, halinywi tena.

Chemba ya kwanza ilikuwa imejaa, ya pili kavu. Kati ya hizo mbili, chini ya pevingi, kulikuwa na elbo (kiungo cha kona) ya nyuzi 90 iliyozikwa bila chemba, imeshiba mafuta ya jikoni yaliyoganda na waipsi za mtoto. Fundi aliikata, akaweka elbo mbili za nyuzi 45 zenye kipande cha bomba la inchi 4 katikati, na pale kwenye kona akajenga chemba ndogo ya sm 45 kwa 45. Mteremko alipima kwa mpira wa maji wa kupimia usawa: sm 2.5 kwa kila mita. Sakafu ya chemba hakuiacha tambarare. Aliichonga mfereji wa nusu duara kwa saruji laini, pande zake zikapanda, ili kinyesi kiteleze moja kwa moja kisikwame pembeni. Kazi hii ndogo mafundi huiruka, halafu chemba inaanza kunuka mapema.

Bomba la hewa lilikuwa limeishia chini ya bati. Aliliinua juu ya paa na kufunga nyavu mdomoni, kwa sababu mbu aina ya Culex, wanaoeneza matende huku Pwani, huzaliana kwenye maji ya makaro. Mifuniko nayo aliikalisha kwa chokaa na mchanga, ibane lakini iweze kufunguliwa.

Kuhusu kunyonya karo, hakubahatisha. Alichukua bomba jembamba la mita 3, akalizungushia taulo jeupe sehemu ya chini, akalishusha polepole hadi sakafuni kwenye chumba cha kwanza, akasubiri dakika chache, akalivuta. Taulo lilikuwa jeusi ti kwa sm 38, juu yake rangi ya chai. Utando wa mafuta juu ya maji ulikuwa sm 9. Jumla sm 47 katika kina cha maji cha mita 1.5, na unaita gari pale tope na utando vinapofika theluthi moja ya kina hicho, yaani sm 50. Akashauri linyonywe kabla ya masika. Hapo pia aligundua kuwa mfereji wa paa umeunganishwa kwenye chemba, akaukata siku hiyohiyo. Maji ya mvua husukuma tope kwenda shimo la kunywea na kuliziba.

Mabomba ya maji safi nayagusia kidogo. Alitumia PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa moto) ya mm 25 iliyoandikwa PN 20, yaani daraja lake la presha, mashine ya kuyeyushia kwenye nyuzi joto 260, sekunde 7 kila kiungo, bila kukizungusha wakati wa kuingiza. Ukizidisha muda, plastiki huvimba kwa ndani na kubana njia. Kabla ya kufunika ukuta alipampu maji hadi presha ya bar 10. Sindano ya geji ikashuka kidogo mwanzoni kwa sababu bomba hutanuka, akapampu tena, ikatulia nusu saa.

Malipo tulikubaliana vifaa ninunue mwenyewe kwa orodha yake, na hela ya ufundi igawanywe: asilimia 40 mwanzo, 40 baada ya kupima presha na kumwaga maji kwenye chemba, 20 baada ya wiki mbili za matumizi. Fundi anayekataa hiyo 20 ya mwisho simpi kazi.

Kasoro yake ni moja, lakini nzito. Kwa shimo la kunywea alipendekeza "tuchimbe mpaka tukute maji". Hapana kabisa. Ukifika maji ya ardhini unamwaga maji taka moja kwa moja kwenye visima vya majirani. Sakafu ya shimo ibaki angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya masika, na kutoka kisimani liwe mita 30. Hakupima hata udongo unanywa vipi: unachimba kishimo cha sm 30, unakijaza mpaka udongo uloe, unajaza tena na kupima maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Kwa sehemu hiyo nilitafuta mtu mwingine.

Gari likija, simama hapo. Mpira uingie chumba cha kwanza, kwenye tope, kwa sababu wengine hunyonya maji ya juu tu ili tripu ijae haraka. Mtu yeyote asishuke ndani hata karo likiwa tupu. Hewa yake inaua kabla hajapiga kelele. Baada ya kunyonya, mulika tochi uone kama tii zote mbili bado ziko mahali pake, na muulize dereva anamwaga wapi. Mabwawa ya kutibu maji taka ya Vingunguti yapo kwa kazi hiyo, kwa hiyo akikwepa swali usimpe tripu ya pili.