Nimeenda kula kwa ile hoteli tuliyoitukana

Mnakumbuka ile video ya mama wa samaki upande wa Dunga akimfokea kasitoma? Jina la hoteli sitaji, limeshatajwa ya kutosha. Mimi pia nilishea, nikabonyeza ile emoji ya hasira na kuandika "hawa ndio wanaharibia Kisumu jina" na hapo sikuwa nimewahi kula hata siku moja. Na hiyo emoji si mapambo, kuanzia 2017 Facebook walikuwa wanaihesabu mara tano ya laiki, kwa hivyo posti ikikasirisha inasukumwa mbele, wakaishusha hadi sifuri 2020, na sisi tulikuja kujua 2021 karatasi zao za ndani zilipovuja. Kukasirika tulikuwa tushazoea.

Kesho yake rivyu za hoteli zimejaa nyota moja moja, kuna mtu wa Mombasa anasema ugali ilikuwa na mchanga. Aliionja akiwa Mombasa?

Basi Jumamosi nikapanda boda kutoka Kondele. Meza kumi, watu watatu. Unachagua ngege (tilapia) mwenyewe kwa beseni, wangu alikuwa wa shilingi 650, anapaliwa magamba, anachanjwa mbavuni, anakaangwa kwanza ndio anaingia kwa nyanya na kitunguu. Nilingoja dakika 50 na njaa yangu yote, soda nayo moto kama chai. Lakini huyo samaki jamani! Nyama inaachana na mfupa ukigusa tu, ugali imeshikana vile inafaa, kichwa nilikifyonza mpaka mama akacheka.

Nikamuuliza ile video ni ya ukweli? Akasema, "Ni mimi, omera. Alimaliza samaki akabakisha mifupa ndio akakataa bei. Lakini kumtukana nilimtukana, hasira ninayo." Hakujitetea zaidi ya hapo. Wasichana wawili wa kuosha vyombo amewaambia wakae nyumbani kwanza, ndio maana alikuwa anapika na kuserve peke yake. Nilipotoa simu nipige sahani picha alinyamaza, akashika mwiko tu, hadi nikairudisha mfukoni.

Posti yangu nimefuta, ilikuwa imesheawa mara 31.

Nyota nne, moja imeenda na soda. Mkienda fikeni kabla ya saa saba, ngege wakubwa huisha mapema, na pilipili muombe, haiji yenyewe.