Kukodi gari la 4x4 Oman: Nizwa, mchanga wa Sharqiya na Sur, uzoefu wangu

Huduma ninayoizungumzia ni kukodi gari la 4x4 Muscat bila dereva, na kuliendesha mzunguko wa kaskazini mwa Oman: Muscat, Nizwa, Bahla, Jabrin, Jebel Akhdar, jangwa la Sharqiya, Sur, kisha kurudi Muscat kwa njia ya pwani. Mzunguko wote ni kama kilomita 1,000. Naipa nyota nne kati ya tano. Barabara na miji vinastahili zote tano. Nyota niliyoipunguza ni ya mkataba na matairi, kwa sababu wateja wengi hukagua mikwaruzo ya rangi, wakaviacha vitu viwili hivyo.

Kwanza, je, unalihitaji gari hilo? Lami ya Oman ni nzuri kuanzia Muscat hadi Nizwa, Sur na hata milango ya ngome. Ni sehemu mbili tu za mzunguko huu zinazodai 4x4: mlima wa Jebel Akhdar, ambako polisi hukuzuia chini kabisa, na mchanga wenyewe. Saluni ndogo hupatikana kwa rial 10 hadi 15 kwa siku, wakati Prado, Pajero au Fortuner ni kati ya rial 30 na 45. Rial moja ni dola 2.6, kwa hiyo tofauti ya siku sita si ndogo. Kama unataka jangwa bila mlima, chukua saluni, iache kwenye lami Bidiyah, mji ulio ukingoni mwa jangwa, na uombe kambi ije kukuchukua; karibu kambi zote zina huduma hiyo. Ukitaka vyote viwili, kodi 4x4 na usijute.

Mkataba sasa. Kampuni iliyonikodisha iliandika "bima kubwa" kwa herufi nene, na ukurasa wa nyuma ikaondoa matairi, vioo, sehemu ya chini ya gari na uharibifu wowote nje ya lami. Yaani gari linauzwa kama la jangwani, lakini likiingia jangwani bima inabaki barabarani. Hili limeenea kwenye soko zima la kukodi magari, si kwa kampuni moja, kwa hiyo uliza waziwazi, na jibu liandikwe kwenye mkataba: njia ya mchanga inayokwenda kambini inaruhusiwa? Nikipata ajali, ninabeba kiasi gani mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa? Kikomo cha kilomita 200 kwa siku kinahesabiwa kila siku peke yake, au kwa jumla ya siku zote? Hili la mwisho ni muhimu, maana siku ya kutoka Nizwa hadi Bidiyah utazidisha, na siku ya kulala jangwani utatumia chache mno. Amana hushikwa kwenye kadi ya mkopo, na kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa kaunta. Beba na leseni ya kimataifa, kwa sababu kampuni nyingi huiomba pamoja na ya kwenu.

Kwenye ukaguzi, anza chini. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne za tarehe: 2321 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lililozidi miaka mitano kwenye joto la Oman sitoki nalo, hata kama kashata zake bado zimesimama, kwa sababu mpira uliokauka hupasuka ukishapunguzwa upepo. Pima upepo wa spea pia, na hakikisha jeki ina mpini wake. Piga picha za bampa ya mbele kwa chini. Hiyo ndiyo inayong'oka ukishuka tuta la mchanga kwa kasi, na ndiyo inayozua ugomvi wakati wa kurudisha. Kisha omba mulkiya, kadi ya usajili, uisome mwenyewe. Polisi wa Jebel Akhdar wanataka gari la 4x4 la kweli, na vigari vingi vyenye umbo la jipu vinavuta kwa magurudumu mawili tu. Kuhusu injini, Prado ya lita 2.7 inatosha kwa njia ya kambini lakini huhema kwenye tuta. Ya V6 lita 4.0 inakula mafuta zaidi, nami ningeichagua bila kusita. Petroli ya kawaida ipo chini ya robo rial kwa lita, kwa hiyo ulaji huo hauumizi.

Anayetoka Tanzania, Kenya au Uganda akumbuke kwamba Oman huendesha kulia, na usukani uko kushoto. Shida haiko barabara kuu, iko kwenye vipilefti: angalia kushoto, subiri walio ndani, kisha ingia kwa kulia. Mwendo wa juu barabara kuu ni kilomita 120 kwa saa, kamera zimepangwa kwa wingi, na faini huja kwa kampuni, ambayo nayo huongeza gharama yake ya usumbufu.

Mpango wote wa siku uujenge juu ya Ijumaa. Mnada wa mbuzi wa Nizwa hufanyika Ijumaa asubuhi, huanza kama saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa tatu mambo yamekwisha. Wauzaji huwazungusha wanyama kwenye duara, wanunuzi wamekaa pande zote, bei inatajwa huku mbuzi anatembea. Basi lala Nizwa Alhamisi, na chumba ukiweke mapema kwa sababu usiku huo hujaa. Ijumaa adhuhuri ngome nyingi hufungwa kwa ajili ya sala. Na jangwa uliweke Jumapili au baadaye: wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na matuta ya Bidiyah hujaa vijana wenye magari yanayoruka juu ya kingo bila kuona aliye upande wa pili.

Alhamisi, ukitoka Muscat mapema, pita Nizwa bila kusimama, nenda kwanza Bahla, kama kilomita 40 mbele, kisha Jabrin dakika kumi zaidi. Bahla ni ngome kubwa ya matofali ya udongo, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1987. Mwaka 1988 iliwekwa kati ya zilizo hatarini, ikaondolewa humo 2004 baada ya ukarabati mrefu. Ndani vyumba vingi ni vitupu, hivyo saa moja inatosha. Muda wako upeleke Jabrin. Hiyo ni kasri ya Imamu Bil'arab bin Sultan wa ukoo wa Ya'ariba, ya karne ya 17, yenye dari zilizopakwa rangi, ghala la tende lenye mifereji ya kukusanya asali yake, na ukumbi wenye madirisha ya juu na ya chini: hewa baridi inaingia chini, ya moto inatokea juu. Kwa msomaji wa Mombasa kuna jambo la ziada. Ndugu yake Bil'arab, Seif bin Sultan, alimzingira humo humo Jabrin mpaka Bil'arab akafa, na kaburi lake lipo ndani. Seif huyo ndiye ambaye majeshi yake yaliiteka Fort Jesus kutoka kwa Wareno mwaka 1698. Ukisimama Jabrin unaona nyumbani kwa watu walioigeuza historia ya pwani yetu, na kwangu hapa ndipo mahali bora kuliko pote kwenye mzunguko huu.

Ngome ya Nizwa, iliyojengwa na baba yao Sultan bin Seif, ina mnara wa duara mpana ajabu, na ngazi nyembamba zenye matundu juu ya kila mlango ya kuwamwagia wavamizi asali ya tende inayochemka. Kiingilio cha mgeni ni rial 5, na kinastahili. Ukitoka, tenga nusu saa kwa Falaj Daris, mfereji wa maji unaotembea kwa mteremko peke yake, bila pampu, uliomo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2006 pamoja na mingine minne.

Jebel Akhdar: kizuizi cha polisi kipo juu kidogo ya Birkat al Mouz. Kupanda si kazi. Hatari ni kushuka, na ndiyo sababu ya sheria ile. Mteremko ni mkali na mrefu, na anayekanyaga breki muda wote huzipasha moto mpaka zinapoteza nguvu. Kando ya barabara kuna njia za changarawe za kuokoa magari yaliyoshindwa kusimama. Weka gia ya pili au ya kwanza kutoka juu kabisa, acha injini ishike gari, breki ziguse kwa vipindi. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha usubiri zipoe.

Kutoka Nizwa hadi Bidiyah ni kama kilomita 200, na njia ya Sinaw ni fupi na tulivu. Jaza tangi Bidiyah hata kama limebaki nusu, kwa sababu mchanga hula mafuta maradufu. Maji ni lita tano kwa kila mtu kwa siku. Jangwa hili, Ramlat al-Wahiba kwa jina la zamani, lina urefu wa kama kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini, na matuta yake yamelala kwa mstari huo huo. Kwa hiyo kwenda kusini unafuata bonde kati ya matuta. Kwenda mashariki au magharibi unayakata, na huko asiyejua asiende peke yake. Kwa mara ya kwanza chagua kambi iliyo karibu na lami.

Mwisho wa lami kuna mafundi wa tairi wanaopunguza upepo kwa pesa kidogo. Gari linalotembea na upepo wa 35 PSI barabarani lishushwe hadi 18, au 15 likiwa limebeba watu wengi. Pima tairi likiwa limepoa, kwani lililotoka kwenye lami ya moto husoma zaidi ya ukweli wake. Tairi likilegea, unyayo wake hurefuka na gari hupanda juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Usishuke chini ya 12 huku ukikata kona kali: tairi huchomoka kwenye rimu. Funga difu ya kati, weka 4H (magurudumu yote manne, gia za kasi ya kawaida), na uzime mfumo wa kuzuia kuteleza, maana kila gurudumu likizunguka kidogo mfumo huo hukata nguvu pale pale unapoihitaji. Gari lenye 4x4 ya kuchagua, kama Fortuner, likirudi kwenye lami litolewe kwenye 4H mara moja, vinginevyo mfumo wa magurudumu hubana na kona inakuwa nzito.

Kwenye mchanga usikanyage breki. Toa mguu kwenye mafuta, gari litasimama lenyewe, na lisimamishe likiangalia mteremko. Tuta lipande moja kwa moja na ulishuke moja kwa moja, kwa sababu ukilipita kwa ubavu gari hubiringika. Mchanga ni mgumu asubuhi ukiwa na ubaridi wa usiku, na laini kabisa alasiri. Saa sita mchana ni mbaya kwa sababu nyingine: jua likiwa utosini vivuli hupotea, na ukingo wa tuta hauonekani. Mimi huona saa tisa alasiri kuwa wakati mwafaka wa kuingia, kwani katika majira ya baridi jua huzama kabla ya saa kumi na mbili, na njia za mchanga hazifai kufuatwa gizani.

Ukikwama, toa mguu kwenye mafuta papo hapo. Kila sekunde ya kuzungusha magurudumu inaushusha mtaimbo wa ekseli karibu na mchanga, na gari likishakaa kwa tumbo kazi imekuwa ya saa nzima. Fukua nyuma ya magurudumu yote manne kwa sepetu, shusha upepo hadi 12, rudi nyuma taratibu kwenye nyayo zako ulizojia. Mara nyingi hilo latosha. Ukitoka mchangani utajaza upepo tena. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara haifai kwa matairi ya ukubwa huu, kwani hupata moto na kuunguza fyuzi; tumia inayobanwa kwenye betri, injini ikiwa inawaka, na uhesabu nusu saa kwa matairi manne.

Lugha isikutishe upande huu. Familia nyingi za Sharqiya, kuanzia Ibra hadi Bidiyah, zina ndugu Zanzibar na bara, na wazee wengi wanazungumza Kiswahili safi. Salimia kwa Kiarabu, kisha jaribu "hujambo, mzee".

Sur ni kama saa moja na nusu kutoka Bidiyah. Hapo kuna karakana ya majahazi ya mbao, na *Fatah al-Khair*, jahazi la 1951, limehifadhiwa nchi kavu. Ni majahazi ya Sur hayo yaliyokuja kwetu kwa kaskazi na kurudi kwa kusi na boriti za Rufiji na Lamu. Kasa wa Ras al-Jinz huonwa kwa kuongozwa tu, usiku kama saa tatu na tena kabla ya alfajiri. Msimu mzito ni Juni hadi Septemba, miezi ambayo jangwa halikaliki, hivyo anayekwenda Desemba ategemee kasa wachache.

Njiani kurudi Muscat, kaburi la Bibi Maryam la Qalhat limo UNESCO tangu 2018. Qalhat ni mji aliofika msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyefika Kilwa 1331. Ikinyesha milimani, usivuke wadi (bonde la mto wa msimu) yenye maji hata kama wenyeji wanavuka: ni kosa la jinai, na nguzo za rangi nyekundu na nyeupe zilizo kando ndizo zinazokuonyesha kina. Simu ya dharura ni 9999.

Kabla ya kurudisha gari, rudisha upepo 35, lioshe mpaka chini, na piga picha zile zile za bampa ukiwa na mfanyakazi wao pembeni. Omba tarehe ya kuachiwa amana iandikwe, kwa sababu kampuni huishikilia kwa majuma ikisubiri faini za kamera.