TAHADHARI: Mkaguzi wa nyumba anayeletwa na muuzaji

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba ya kununua, someni hili kabla hamjalipa chochote. Kuna mchezo unachezwa, na sisi umetukuta. Muuzaji ni mpole, hakuharakishi, na ukimwambia unataka nyumba ikaguliwe kwanza anafurahi kuliko wewe. "Wala usihangaike, nina mkaguzi wangu, gharama juu yangu." Siku ya tatu unaletewa ripoti nene yenye muhuri, picha nyingi na alama za vyema kila ukurasa. Sisi tulisaini tukiwa na ripoti hiyo mkononi. Sitamtaja mtu, ila njia aliyotumia nitaieleza yote.

Miezi miwili baada ya kuhamia, mke wangu aligusa mashine ya kufulia akiwa peku, umeme ukamrusha. Swichi ya usalama ilikata papo hapo, ndiyo maana leo yuko nami. Hapo ndipo tulipotafuta mkaguzi mwingine, mzee asiyetujua sisi wala muuzaji, tukamlipa wenyewe. Alishinda kwetu karibu siku nzima, nami nikamfuata chumba hadi chumba.

Alianza na soketi za jikoni. Alichomeka kile kipimo kidogo chenye taa tatu, taa zikaonyesha kila kitu kiko sawa. Nikamwambia hata ripoti yetu inasema hivyo. Hakunijibu. Alizima swichi kuu, akapima kuhakikisha umeme umekatika kweli, akafungua soketi kwa bisibisi na kuniita nisogee. Ndani kulikuwa na kipande cha waya kifupi kuliko kidole changu. Upande mmoja kimefungwa kwenye skrubu ya nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, upande wa pili kwenye skrubu ya ethi. Waya wenyewe wa ethi, ule unaopaswa kwenda ardhini, haukuwepo kabisa. Alifungua soketi nne, zote zilikuwa hivyo hivyo.

Naomba mlielewe hili vizuri, kwa sababu ni hila inayoua. Kipimo kile cha taa hakiwezi kutofautisha ethi ya kweli na nyutro iliyounganishwa mahali pa ethi. Kinawasha taa za "sawa" na mtu anaandika vyema. Lakini siku nyutro ikikatika mahali fulani kabla ya soketi hiyo, ganda la chuma la kifaa kilichochomekwa hapo linapata umeme, na anayeligusa akiwa amekanyaga sakafu yenye maji anakuwa yeye ndiye njia ya kwenda ardhini. Kwetu nyutro ilikuwa ikikatika na kushika tena juu ya dari, kwenye kiungo cha nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe tu, bila kisanduku. Utepe ulikuwa umeungua.

Na ile swichi ya usalama yenye kitufe cha T, inayotakiwa kukata pale umeme wa miliampea 30 unapovuja, muuzaji aliibonyeza mbele yetu siku ya kuonyeshwa nyumba. Iliruka, tukaridhika. Mzee akatufundisha kwamba kitufe kile kinajaribu swichi yenyewe tu. Kitairusha hata katika nyumba isiyo na ethi hata chembe. Msikubali kibonyezwe mbele yenu kama ushahidi wa ethi.

Kwenye bodi ya umeme alikuta breka ya ampea 32 inalinda waya wa taa wa milimita za mraba 1.5. Waya huo ndani ya ukuta hauwezi kubeba mzigo huo kwa usalama, na kazi ya breka ni kumlinda waya asiungue. Alisema mara nyingi ni kwamba breka ilikuwa inaruka-ruka, na badala ya kutafuta sababu mtu akaweka kubwa. Nilipofungua ripoti kumwonyesha picha ya bodi ndipo nilipoishiwa nguvu. Bodi ya kwenye picha ilikuwa na breka kumi na mbili. Ya kwetu ina nane. Picha ya nyumba ya watu wengine, nasi tuliitazama mara ngapi sijui, hatukuhesabu.

Upande wa maji alifunga koki zote na kutazama mita. Kile kigurudumu kidogo kilikuwa bado kinazunguka taratibu, maana yake kuna mahali maji yanavuja. Kisha akafungua koki mbili na kuziacha kama nusu saa, huku akivuta maji ya choo mara kadhaa. Maji machafu yakaanza kurudi kwenye tundu la sakafu ya bafu. Bomba la taka la inchi nne linatakiwa literemke kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita. La kwetu limelazwa sawa na meza. Ukivuta maji mara moja tu, kama alivyofanya yule wa kwanza, huoni kitu, kwa sababu bomba tupu lina nafasi ya kumeza mvuto mmoja.

Kuta ndizo zilizoniuma zaidi. Sebuleni ukuta mmoja ulikuwa na rangi mpya, mitatu ya zamani, nasi tukausifu. Mzee aliegemeza tochi ukutani mwanga ukaenda sambamba na ukuta, na mstari ukajitokeza kutoka kona ya dirisha ukishuka kwa ngazi ngazi kufuata viungo vya matofali, umejazwa na kupakwa juu. Akakwangua kidogo. Ufa wa milimita 8 upande wa juu, ukipungua kuelekea chini. Kwa vipimo vya Building Research Establishment ya Uingereza, ufa wa hadi milimita 5 huhesabiwa kuwa mdogo, na kati ya 5 na 15 ni wa wastani, ambapo milango huanza kukwama na mabomba yanaweza kupasuka. Akaandika tarehe kwa penseli kwenye ncha zake ili tuone kama unaendelea kukua. Ufa uliofichwa humnyima mnunuzi hilo, kujua kama nyumba imeshatulia au bado inasogea.

Nguzo ya barazani aliigonga kwa mpini wa nyundo ikalia mvungu, dalili kwamba zege imeachana ndani. Nondo zikishika kutu huvimba na kuisukuma zege kutoka ndani.

Sisemi kila mkaguzi anayeletwa na muuzaji ni tapeli. Nasema anayemlipa ndiye anayemwandikia. Mtafuteni wenyewe, mlipeni wenyewe, na muwepo anapokagua. Linganisheni kila picha na kitu chenyewe, hesabuni breka, tazameni rangi ya vigae. Muuzaji akikataa soketi kufunguliwa au mtu kupanda darini, ondokeni. Na tafadhali msifungue soketi wenyewe kama hamna ujuzi, hata mkidhani mmezima.

Kama kuna aliyepewa ripoti yenye picha ya bodi ya breka kumi na mbili, mbili za mwisho upande wa kulia zikiwa na vifuniko vyekundu, aniandikie hata kama hajasaini. Sisi kesho fundi anakuja kuchimbia fimbo ya ethi na kuvuta waya wake hadi kwenye soketi. Mpaka amalize, umeme wa jikoni tumeuzima kwenye bodi.