Koti namba 7 kati ya 12: tathmini ya toleo maalumu la vitenge, Mwanga, Kigoma

Duka ninalolitathmini liko Mwanga, Kigoma mjini, na mwezi Juni lilitoa kile lililokiita toleo maalumu: makoti 12 na magauni 12 ya kitenge, kila vazi likiwa na lebo ya ngozi iliyogongwa namba. Mimi nilinunua koti namba 7 kwa shilingi 185,000, na mdogo wangu akachukua gauni namba 4 kwa shilingi 120,000. Tumeyavaa harusini, kazini na kanisani, tumeyafua mara kadhaa, na sasa naona nina haki ya kuyasemea. Jina la duka sitalitaja, kwa sababu yako mambo yasiyopendeza humu ndani, na mwenyewe nimekwisha kumweleza ana kwa ana.

Mwenye duka anakiri kwamba wazo hilo amelichukua kwa kampuni kubwa za mitindo za Ulaya na Marekani, ambako mkusanyo mdogo wa namna hii huitwa kapsuli. Neno hilo lilivuma likiwa na maana nyingine kabisa. Miaka ya 1970, Susie Faux, aliyekuwa na duka la nguo London, alilitumia kueleza kabati lenye nguo chache zinazooana, na mwaka 1985 mbunifu wa mitindo Donna Karan wa New York akaonyesha vipande 7 ambavyo mwanamke angeweza kuvichanganya apendavyo. Uchache ulikusudiwa kumpunguzia mnunuzi mahangaiko; siku hizi, kwa maoni yangu, unatumika kumwongezea. Mwaka 2004 kampuni ya nguo ya Sweden iitwayo H&M iliuza nguo zilizobuniwa na mbunifu mashuhuri Karl Lagerfeld, na watu wakapanga foleni kabla milango haijafunguliwa. Mwaka 2020 Dior, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, na Jordan, chapa ya viatu ya Nike, zilitoa viatu vyenye namba, jozi takriban 13,000, na walioomba nafasi ya kuvinunua wakafika milioni 5.

Ndiyo maana binti wa dukani aliponiamkia na kuniambia, "Mama, hizi zikiisha zimeisha," sikushtuka hata kidogo. Maneno hayo tumeyasikia tangu utotoni. Kitenge kinachovuka ziwa kutoka Kongo huja kwa marobota, na robota likifunguliwa, mwanamke aliyelipenda ua hununua siku hiyohiyo, kwa kuwa robota linalofuata huenda likaja na maua mengine kabisa. Mtu wa Kigoma hahitaji lebo ya ngozi ili ajue kwamba kitu ni kichache. Anachohitaji kujua ni kama kitambaa ni chenyewe na kama fundi anajua kazi yake.

Kitambaa ni chenyewe. Nililigeuza koti nikatazama upande wa ndani kabla hata sijauliza bei, kama mama yangu alivyokuwa akifanya. Kitenge cha waksi halisi huchapwa ulimbo pande zote mbili, kisha hutiwa rangi. Ulimbo unapopasuka, rangi hupenya kwenye nyufa na kuacha michirizi myembamba ambayo hailingani mahali popote, na ua huonekana karibu sawasawa mbele na nyuma. Kitenge cha kuchapwa upande mmoja hukitambui ukikitazama kwa mbele tu, ila ukikigeuza unakuta weupe. Hapa michirizi ilikuwepo, upande wa ndani ulikuwa na rangi iliyokolea, na baada ya kulifua koti mara sita halijachuja. Maandishi ya pembeni ya kitambaa yalikuwa yamekatwa, nami nikauliza sababu. Nilijibiwa kwamba fundi huyakata ili yasionekane kwenye pindo, na jibu hilo nililipokea, ingawa ningependelea kuyaona.

Sifa kubwa zaidi nampa fundi aliyelishona koti. Ua la kitenge hiki ni kubwa, karibu upana wa sinia la pilau, na mwenye pupa angelikata popote ili kuokoa kitambaa. Fundi huyu ameliweka ua moja katikati ya mgongo, akaligawa jingine sawasawa kwenye vipande viwili vya mbele, hivi kwamba ukifunga vifungo petali zinakutana bila kupishana hata kwa upana wa ukucha. Hata kwenye mfuko, ukitazama haraka huoni kama kuna mfuko. Kazi ya namna hiyo inakula kitambaa: niliambiwa kwamba katika kipande cha yadi 6 hutoka koti moja tu, na kinachobaki hushonewa mikoba midogo ambayo duka linaiuza kando. Bitana ni ya pamba, hainati mgongoni kwa jasho, na mishono ya ndani yote imefunikwa. Kuna mkono mmoja uliokuwa mrefu kidogo. Niliurudisha, ukapunguzwa siku iliyofuata bila malipo.

Gauni ni habari nyingine. Limeshonwa kwa haraka, na nadhani halikupita katika mikono ileile. Maua ya ubavuni hayakutani, zipu ilianza kugoma wiki ya pili, na chini halikukunjwa ila limepigwa ovaloku tu na kuachwa hivyo, jambo ambalo fundi yeyote wa pembeni mwa soko angelionea aibu kwa gauni la shilingi 35,000. Mdogo wangu alipolalamika alibadilishiwa zipu, lakini kuhusu pindo aliambiwa kwamba "ndiyo staili yenyewe".

Jambo lililoniudhi hasa ni kauli iliyoandikwa kwenye kikaratasi kilichofungwa kwenye kila nguo, kwamba ua hilo halitapatikana kwingine. Wiki tatu hazikupita nikaliona kwenye meza ya muuzaji sokoni, rangi ileile, ukubwa uleule, nikaligeuza na kukuta ni waksi ileile. Kitenge hicho hakikuchapwa kwa ajili ya duka. Kimenunuliwa kwenye robota kama wengine wote walivyonunua. Dior ilipofanya onyesho lake Marrakech mwezi Aprili 2019, vitambaa vyake vya waksi vilitengenezwa na kiwanda cha Uniwax cha Abidjan kwa michoro iliyoandaliwa mahususi kwa onyesho lile. Duka la Mwanga haliwezi kuagiza kiwanda kichape robota moja la peke yake, wala hakuna anayelitegemea lifanye hivyo. Kwa nini basi liahidi lisichokuwa nacho, wakati linacho kitu ambacho kwa kweli hakirudiwi? Hakuna mwanamke mwingine Kigoma atakayevaa koti ambalo ua limekaa mgongoni hasa pale lilipokaa kwenye langu, hata akinunua kitambaa hichohicho, labda ampate fundi yuleyule na akubali kupoteza yadi mbili.

Hilo ndilo nililomwambia mwenye duka. Alinisikiliza kwa adabu, akasema vikaratasi vya toleo lijalo vitaandikwa upya, na kwamba jina la fundi litashonwa chini ya namba. Nilimuuliza kama fundi mwenyewe ataongezewa ujira kwa hilo. Akacheka, akasema watazungumza.

Kwa sasa, mwenye nafasi ya shilingi 185,000 anunue koti, tena alijaribu dukani akiwa amevaa nguo atakayolivalia juu yake, maana mabega yamekatwa kwa kubana. Gauni aliache. Nilipopita wiki iliyopita magauni matano yalikuwa bado yametundikwa, na bei imeshushwa hadi shilingi 90,000. Katika makoti lilibaki namba 11 peke yake, saizi kubwa, na ua la mgongoni limehamia kidogo upande wa kushoto.