Saini za wanamichezo kwa posta: pesa yako isiishie kwenye kalamu

Maduka ya vifaa vya kukusanyia saini huanza na kalamu. Utauziwa paketi ya maka za Sharpie, maka za rangi ya fedha na dhahabu, na kijaluba cha kuzitunzia. Kwa anayemsubiri mchezaji getini mwa uwanja, sawa. Kwa anayetuma kwa posta kadi ya mchezaji, yaani kile kipande cha karatasi ngumu chenye picha yake kinachouzwa kwa wakusanyaji, kalamu ni kifaa cha mwisho kununua, maana mchezaji atasaini kwa ile aliyonayo mkononi, si yako. Yaliyo chini ya uamuzi wako ni kadi, bahasha na stempu ya kurudishia. Basi tuvipime hivyo kwanza, kalamu isubiri zamu yake.

Mchezo unaolengwa hapa hasa ni besiboli ya Marekani, kwa kuwa ndiko desturi hii ilikostawi: unatuma kadi, barua fupi, na bahasha ya pili yenye anwani yako na stempu, halafu unangoja. Wachezaji wa mpira wa kikapu wa NBA nao huandikiwa, ila majibu yao ni adimu. Mtanzania anayetaka saini ya Hasheem Thabeet kwenye kadi ya mwaka wake wa kwanza, yule aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, afuate utaratibu uleule, lakini asiweke matumaini makubwa.

Kadi ya kawaida ina milimita 63.5 kwa 88.9. Vipimo ni vilevile kwa karibu kila toleo. Tofauti iko kwenye uso, na saini nyingi huharibikia hapo. Ukitaka kadi mpya ya kutuma, nunua Topps Heritage, ya kampuni ya kadi ya Topps. Toleo hili lilianza 2001, linaiga miundo ya zamani ya Topps, na karatasi yake haina gamba la kung'aa. Wino unazama mara moja na hautambai, na karibu kalamu yoyote inaandika, hata biki ya kawaida. Kasoro yake ni kwamba kona huchakaa upesi na alama za vidole hubaki, kwa hiyo ishike kingo tu.

Kwa wachezaji waliostaafu, huna haja ya kutafuta kitu cha gharama. Kadi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 zilichapwa kupita kiasi, hadi leo zinauzwa kwa mafungu kwa bei ya chini mno. Zile ambazo karatasi yake haijapakwa kitu zinapokea wino vizuri, na ikipotea njiani hujapoteza mali.

Topps Chrome ni habari nyingine. Uso wake ni kama kioo: wino wa maka unajikusanya kuwa matone, mstari unakatika katikati, na saini hubaki mbichi muda mrefu. Panini Prizm ya mpira wa kikapu ina tabia hiyohiyo. Topps Stadium Club ina picha nzuri kuliko matoleo mengi, lakini nayo imepakwa gamba, na picha imejaa hadi ukingoni, hakuna sehemu nyeupe ya kusainia. Hizi zinatumika, ila zinataka maandalizi.

Maandalizi yenyewe ni haya. Chukua raba nyeupe ya plastiki, si ile ngumu yenye chembe za mchanga, uipitishe kwa mkono mwepesi mara mbili tatu mahali saini itakapokaa. Badala yake unaweza kutumia poda ya watoto: weka kidogo kwenye pamba, sugua kwa mduara, kisha pangusa kwa kitambaa kikavu mpaka unga wote utoke. Vyote viwili huondoa mafuta na utelezi wa juu unaofanya wino ukatae kushika. Kosa la kawaida ni kuacha unga; unaziba ncha ya maka, mchezaji anakwaruza, kisha anaitupa kadi pembeni na kuchukua ya mtu mwingine. Kosa la pili ni kusugua kwa nguvu hadi gamba linapoteza mng'ao, na ukiigeuza kwenye mwanga unaona doa. Kwa Chrome, maandalizi yanapunguza tatizo bila kulimaliza.

Jambo moja wengi hulisahau wakiwa wanahangaika na poda: rangi ya picha. Mchezaji aliyevaa jezi nyeusi, amepigwa picha usiku, akisaini kwa maka nyeusi, saini haionekani. Chagua kadi yenye anga, jezi nyeupe au nafasi ya mwanga upande mmoja. Usiposhughulika na lingine lolote, shughulika na hili. Na kama huna kadi inayofaa, kadi nyeupe isiyo na mistari ya inchi 3 kwa 5, inayouzwa madukani kwa matumizi ya ofisi, ni mbadala wa heshima. Wakusanyaji wa zamani walijaza maboksi kwa hizo.

Tuma kadi moja au mbili. Zikizidi hapo unaonekana mchuuzi, na baadhi ya wachezaji hubakiza za ziada. Barua iwe nusu ukurasa, kwa mwandiko wa mkono, kwa Kiingereza chepesi: wewe ni nani, unakumbuka nini hasa kuhusu uchezaji wake, unaomba nini, asante. Ukiomba aandike na jina lako, nafasi ya kujibiwa huongezeka, kwa kuwa kadi yenye jina la mtu haina soko kubwa na mchezaji anajua hivyo.

Sasa bahasha. Hapa pesa ndogo huleta tofauti kubwa, na hapa pia watu hukosea kwa wema. Mtu anaiweka kadi kwenye kinga ngumu ya plastiki akidhani anailinda. Bahasha isiyopinda inakwama kwenye mashine za kuchambulia barua, na Posta ya Marekani inaitoza ada ya ziada ya karibu nusu dola. Isipolipwa, barua inaweza kurudi au kudaiwa upande wa pili. Halafu mchezaji anatakiwa aichomoe kadi, asaini, airudishe, naye ana rundo la barua mbele yake. Mfuko laini wa plastiki nao ni mtego: kadi ikirudishwa humo wino ukiwa mbichi, saini inang'ang'ania plastiki na nusu yake inabaki huko. Kinachofaa ni kadi tupu kati ya vipande viwili vya kadibodi nyembamba, kama ile ya boksi la nafaka za asubuhi, vilivyokatwa vikubwa kidogo kuliko kadi. Vinapinda kiasi, mashine inavipitisha, na havigandi na wino.

Kwa vipimo vya Marekani, tumia bahasha namba 10 nje na namba 9 ndani. Namba 9 ni fupi kidogo, kwa hiyo inaingia bila kukunjwa. Kwa vipimo vya kwetu na Ulaya, C6 mbili zinatosha: ya kurudishia ikunjwe katikati mara moja, nayo bado itaipokea kadi ikifunguliwa. Pima uzito kabla ya kufunga. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita mraba ina gramu 5 hivi, bahasha ya C6 kama gramu 4, kadi moja karibu gramu 2. Bahasha mbili, kadi mbili, nusu karatasi na kadibodi vinakaribia gramu 20. Ndani ya Marekani hilo si tatizo, maana daraja la kwanza la uzito ni aunsi moja, yaani gramu 28. Ujerumani, ambako daraja la kwanza linaishia gramu 20, kadibodi nzito inatosha kukuvusha.

Kwenye stempu, hukumu ni rahisi kwa aliyeko Marekani: stempu ya Forever, iliyobandikwa tayari kwenye bahasha ya kurudishia. Usiiache huru ndani ya barua; itadondoka au itatumika kwa shughuli nyingine. Stempu hizi zilianza 2007, na faida yake kwa mchezo huu ni kwamba hazipitwi na bei. Julai 2025 bei ya barua ilipanda hadi senti 78, na bahasha zilizokuwa bado mikononi mwa wachezaji zikiwa na Forever za bei ya zamani ziliendelea kuwa halali. Majibu mengine huja baada ya miaka, kwa hiyo usibandike stempu yenye thamani iliyoandikwa.

Aliyeko nje ya Marekani ana kazi zaidi. Stempu ya Tanzania, Kenya au Kanada haifanyi kazi kwenye posta ya Marekani, hata ungebandika kumi. Vitabu vya zamani vinapendekeza kuponi ya kimataifa ya majibu, ambayo mpokeaji huibadilisha posta kwa stempu ya kurudishia, iliyoanzishwa na Umoja wa Posta Duniani mwaka 1906. Hii ndiyo kuponi ambayo tapeli Charles Ponzi alijidai kufanya nayo biashara Boston mwaka 1920. Msiitumie. Posta ya Marekani iliacha kuiuza 2013, na hata ikikubalika kaunta, mfanyakazi wa klabu hatapanga foleni kuibadilisha kwa ajili yako.

Stempu ya Global Forever, ile ya duara, ni bora zaidi: inabeba barua ya aunsi moja hadi nchi yoyote. Lakini tangu 2018 Posta ya Marekani inataka barua za kawaida za kwenda nje ziwe na nyaraka tu, na kadi ya mkusanyaji inaweza kuhesabiwa kuwa bidhaa. Kadi nyeupe yenye saini inapita kwa urahisi zaidi kuliko kadi ya Topps. Njia tunayoipendekeza ni anwani ya ndugu au rafiki aliyeko Marekani iwe ya kurudishia, kwa stempu ya ndani. Akikusanya za kutosha, atazituma pamoja au ataziweka kwenye sanduku akija nyumbani. Ukiamua kutumia anwani yako mwenyewe, andika P.O. Box, si S.L.P., na jina la nchi liwe mstari wa mwisho kwa herufi kubwa.

Barua iende kwa jina la mchezaji kupitia anwani ya klabu. Wakati mzuri ni kuanzia katikati ya Februari hadi Machi, timu zinapokuwa kwenye mazoezi Florida na Arizona. Tumia anwani ya kituo cha mazoezi, si ya uwanja wa nyumbani, na itume mapema ifike kabla hawajafungasha. Wachezaji wa ligi ndogo hujibu kuliko nyota, na ni lazima iwe hivyo: wanapokea barua chache. Anwani za majumbani zinauzwa kwa orodha. Hatuzipi alama yoyote. Nyingi zimepitwa na wakati, na mtu ana haki ya kupumzika kwake.

Wanaoishi Ulaya wana huduma ambayo Wamarekani wangeionea wivu. Klabu za Bundesliga huchapa kadi maalumu za saini za kila mchezaji, na nyingi huzituma bure kwa anayeomba na kuweka bahasha ya kurudishia yenye stempu. Hununui kadi wala hushughuliki na poda. Tahadhari moja tu: baadhi ya kadi hizo zina saini iliyochapwa pamoja na picha. Igeuze kwenye mwanga. Saini ya mkono inang'aa tofauti na karatasi, iliyochapwa haina tofauti yoyote.

Kalamu, kwa ufupi. Sharpie ya ncha ya kawaida ndiyo imezoeleka Marekani, inafaa kadi na picha, haifai mpira wa ngozi ambako wino hutambaa kadiri miaka inavyopita. Mpira unataka biki ya buluu. Staedtler Lumocolor ya Ujerumani inatoa mstari mwembamba na safi zaidi kwenye kadi, hasa ncha ya F ya milimita 0.6. Maka za rangi nzito ni nzuri kwenye picha nyeusi, lakini lazima zitikiswe na ncha ibonyezwe kwanza, kazi ambayo hakuna mchezaji atakayeifanya, na asipoifanya tone linadondoka. Wala usiweke kalamu kwenye bahasha. Rola za mashine huipasua, nayo huipasua bahasha.

Mwisho ni huduma za kuthibitisha: PSA, JSA na Beckett. Wanachouza ni maoni ya mtaalamu baada ya kulinganisha saini yako na nyingine, si ushahidi wa aliyeona. Hologramu (stika ya usalama) ya Major League Baseball, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, iliyoanza 2001 baada ya kashfa za saini bandia, hutolewa kwa kitu kilichoshuhudiwa kikisainiwa, kwa hiyo saini ya posta haiwezi kuipata. Kwa mchezaji wa kawaida, ada ya kuthibitisha inazidi thamani ya kadi. Lipa tu kwa jina kubwa.

Kabla ya kulipa, kagua mwenyewe kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Mahali mistari inapopishana, wino wa mkono huwa mzito zaidi. Muhuri wa mpira una rangi ileile kila mahali na kingo zilizovimba. Mashine ya kusainia huacha mstari wa kasi moja, wenye nukta mwanzoni na mwishoni, na saini zake mbili zikiwekwa juu ya nyingine zinalingana kabisa; mkono wa binadamu haurudii hivyo. Saini ya katibu ndiyo ngumu, kwa kuwa ni ya mkono kweli, ila si wa mchezaji. Linganisha na saini zake za mkatabani au za kadi zilizotoka kiwandani zikiwa na saini. Bahasha iliyorudi nayo usiitupe: muhuri wa posta una mji na tarehe, na mnunuzi makini atauliza. Iweke kando ya kadi, kwenye mfuko wake, bila gundi.