Pampu za kukamua mpira: usiulize pampu, ulizia mpira

Saa tisa usiku nimeamka kwenda chooni nakanyaga maji. Mpira wa silikoni, kile kibomba laini kinachopitisha maji, umepasuka ndani ya kichwa cha pampu, pale pale roli zinapoubana kusukuma maji, mbolea ya maji yote ya mimea yangu iko chini, na pampu yenyewe bado inazunguka tu haina habari.

Wauzaji watakutajia lita kwa saa, volti, sijui haina kelele, ila mpira utakaa saa ngapi hakuna anayekwambia. Haya piga hesabu: roli 3, mizunguko 100 kwa dakika, mpira unabanwa mara 300 kila dakika, yaani mara 432,000 kwa siku! Silikoni ni laini, kwa kazi ya saa chache sina neno nayo, ila mchana na usiku inachoka upesi mno.

Namba moja kwangu ni kampuni ya pampu ya Watson-Marlow na mpira wao wa Marprene, na sifichi, hawa nawapenda. Kama kichwa cha pampu yako ni cha kampuni nyingine chukua mpira wa PharMed BPT, ule wa rangi ya krimu, shida yake hauonyeshi ndani kwa hiyo kiputo cha hewa hukioni. Tatu ni Norprene, mweusi. Ila yote hii isipitishe mafuta, inaharibika.

Halafu unene wa ukuta wa mpira jamani, hapa ndo watu wanaliwa. Kichwa cha ukuta wa 1.6 mm ukikipa mpira wa 2.4 mm mota inalemewa, ukifanya kinyume chake, roli hazibani vizuri, maji yanarudi nyuma. Na bora mpira wenye tundu pana, pampu izunguke taratibu, kuliko wenye tundu jembamba pampu ikimbizwe. Mi huwa naacha sentimita kadhaa za ziada, sehemu iliyobanwa ikianza kulala bapa nauvuta mbele, roli zinapata pazima.

Mota chukua isiyo na brashi, brashi zinalika. Vile vipampu vidogo vya 12V ni vya kudondosha dozi tu, basi.

Yule aliyeniuzia nilimuuliza mpira wa spea, akanijibu hauzwi peke yake, ninunue pampu nyingine nzima. Na kwenye tangazo lake bado kaandika "inafanya kazi saa 24".